Nani Alifua Ng'ombe wa Rumanyika?

Huko Kanoni, Karagwe, nilimkuta fundi wa kuchomelea akimalizia geti. Mwenye nyumba alitaka ng'ombe wawili juu yake, wa pembe ndefu kama wale wanaorudi zizini jioni. Fundi alikata nondo ya milimita 12, akaikunja, akaichomelea kichwani, akasaga maungio kwa grainda. Pembe ikatoka na unene uleule toka shinani hadi mwisho, kama mpini wa ndoo. Fundi mwenyewe aliliona hilo. Akawasha mkaa, akaitia nondo nyingine motoni mpaka ikaiva nyekundu, akaiweka juu ya kipande cha reli na kuanza kuigonga, anaigeuza robo kila baada ya pigo. Aliirudisha motoni mara nne. Alipomaliza, nondo ilikuwa imerefuka karibu upana wa kiganja, na ncha yake ingeweza kutoboa ngozi.

Pale pale nikakumbuka ubishi wa zamani. Novemba 1861 wasafiri wa Uingereza Speke na Grant walifika katika ufalme wa Karagwe, kwa Omukama (mfalme) Rumanyika. Miongoni mwa vitu walivyoviona ikuluni ni sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Speke aliandika kwamba Waarabu wa Kafuro, kituo cha biashara cha jirani, ndio waliomtengenezea mfalme ili kumfurahisha. Sentensi moja tu, wala hakueleza alijuaje.

Mimi siikubali, na sababu yangu ya kwanza ni kazi yenyewe. Misafara ya Waarabu hao iliyotoka Unyanyembe, kituo chao kikubwa kusini, ilileta nguo, shanga na nyaya za shaba, ikarudi na pembe za ndovu. Mgeni anayetaka kumfurahisha mfalme kwa sanamu angeshika shaba aliyokuja nayo, ambayo ni laini na hukunjika kirahisi. Kwa nini ahangaike na chuma, ambacho mwenyeji wake alikijua kuliko yeye?

Na kilijulikana kweli. Kwa Wahaya, majirani wa Karagwe, wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha mtapo kwa miaka mingi walijenga tena tanuri mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt katika miaka ya 1970. Yeye na Donald Avery walichapisha matokeo mwaka 1978. Shimo lilikandikwa udongo wa kichuguu, likajazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, na mabomba ya udongo yakaingizwa ndani kabisa ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla ya kutoka. Wawili hao walidai kwamba hapo ndipo siri ya joto kali ilipo. Wengine waliwapinga, na ubishi huo ni wa wataalamu wa matanuri. Kwangu lenye uzito ni kinachotoka mwishoni: bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Halimiminwi kwenye kalibu kama shaba. Lazima lipigwe, lirudi motoni, lipigwe tena mpaka uchafu ukamuke. Mabaki yanayobaki ndani hunyooka kufuata nyundo, hivyo chuma hupata nyuzi kama mti. Ukikivuta kwa urefu kinakutii. Pembe ndefu inayokonda kuelekea nchani ndilo umbo ambalo chuma cha namna hiyo hulipenda.

Sababu ya pili ni heshima ya nyundo yenyewe. Simulizi za Karagwe humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme mhunzi. Hamo Sassoon, katika jarida la Azania mwaka 1983, aliwaweka pamoja wafalme, ng'ombe na wahunzi wa nchi za Maziwa Makuu, na ushahidi kwamba uhunzi uliambatana na ufalme ni mwingi. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipochimbuliwa, vyuma vya uhunzi vilikutwa chini ya kichwa chake. Katika nchi za namna hiyo, kumwachia mchuuzi kazi ya kufua ng'ombe wa ikulu kungekuwa jambo la ajabu.

Shaba ilikuwepo pia, sikatai. Msafiri Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye bata wa shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Hao huenda ndio walioguswa na mikono ya wageni. Lakini wa chuma ni habari nyingine.

Linganisha ng'ombe hao wa chuma na mazulia saba ya ukutani yaliyoko New York, ya kuwindwa kwa farasi mwenye pembe moja, yaliyofumwa kati ya 1495 na 1505. Wafumaji walikaa upande wa nyuma, wakijenga picha kwa sufu na hariri zilizotiwa rangi za mimea mitatu tu, na mnyama mwenyewe hawakuwahi kumwona. Pembe ile iliyosokotwa waliitoa kwa nyangumi wa bahari ya barafu, ambaye jino lake liliuzwa Ulaya kama pembe ya mnyama huyo. Ustadi mkubwa, mnyama wa kusikia. Mhunzi wa Bweranyange, makao ya mfalme wa Karagwe, alimwona wake kila asubuhi, akajua pembe inaanzia wapi kupinda.

Fundi wa Kanoni naye anajua. Ila mkaa ulimwishia, na mwenye geti alikuwa amekwisha fika na pikipiki ya kubebea. Geti likaondoka na ng'ombe mmoja wa nyundo na mwingine wa grainda.