Pampu Iliyoinuka Yenyewe

Kabla ya kushika spana, fundi wa Tenke alimuuliza dereva wetu swali moja: “Inazimika sawa taa, ao inasinzia?”

Dereva akafikiri. Inasinzia, Papa. Nguvu zinapungua kwanza, motere inatetemeka, kisha kimya. Ukingoja dakika chache inawaka tena kama haikuwa na lolote.

Nilidhani swali lile ni la kupitisha muda. Kumbe lilikuwa nusu ya kazi. Land Cruiser yetu ilikuwa ya zamani, yenye injini ya 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haijui kompyuta. Injini ya namna hiyo ikikatikiwa umeme, valvu ndogo ya mazutu, yaani dizeli, hujifunga palepale na gari hufa kama taa. Ikisinzia, inakosa chakula. Kwa jibu la neno moja nyaya zote zilikuwa zimeachiwa huru.

Mafundi wa Kolwezi walikuwa wamebadilisha filta mara mbili, na mmoja akataka kufungua pampu kubwa ya mazutu, kazi ya bei ya kuumiza. Huyu wa Tenke alisikiliza hadithi yote, akafuta mikono. “Motere haiko na bugonjwa. Iko na njala.” Kisha, badala ya kufungua boneti, akapanda kiti cha mbele.

Tukarudi njia ya Kolwezi, katikati ya malori ya shaba, vumbi jekundu la kiangazi likitusaga menoni. Tenke ndipo reli inapogawanyika, mkono mmoja Kolwezi na Dilolo, mwingine Kamina, na watu wa penye njia panda ya reli wamezoea kungoja. Fundi naye alingoja. Hakutaka gari lipone. Alitaka lizimike mbele yake. Hitilafu hii ilikuwa inafuta nyayo zake yenyewe, na kila fundi aliyeitwa baada ya nusu saa alikuta gari zima kabisa, akalipishia anachokijua.

Kwenye kilima cha tatu likasinzia. Matairi hayajatulia vizuri, yeye yuko chini, boneti iko juu, kidole gumba kiko kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Akabonyeza. Kwa kawaida springi huirudisha juu mara moja. Safari hii ilibaki chini, imenyonywa. Basi njia ya kutoka tangini ilikuwa imeziba.

Mimi hapo ningeshangilia na kuanza kufungua mabomba. Yeye hakuondoa hata mkono mwingine mfukoni. Alikodoa macho kwenye kile kitufe, nasi tukakodoa naye, malori yakitupita. Baada ya kama dakika moja kikaanza kuinuka, polepole, bila kuguswa.

“Munaona? Imeachilia.”

Bomba lililobonyea haliachilii. Filta chafu haiachilii. Kinachoshika na kuachilia ni kitu kinachotembea, na kwenye njia yote ya mazutu mahali pa kutembea ni ndani ya tanki tu.

Garajini waliteremsha tanki, na mle ndani mlikuwa na kipande cha sashe ya plastiki, ukubwa wa kiganja cha mtoto, katikati kina alama ya duara pale mdomo wa bomba ulipokuwa ukikibusu. Fundi alikitambua: ni ile sashe ambayo watu hukaza chini ya kifuniko cha bidoni ili mazutu yasivuje. Dereva akakumbuka kadhafi mmoja, muuza mazutu wa kando ya barabara, na haraka aliyokuwa nayo siku hiyo. Plastiki ya namna hiyo huelea majini, lakini mazutu ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo humo huzama taratibu mpaka chini, penye mdomo wa bomba. Injini ikinyonya, inakibandika, ikifa, kinadondoka.

Nikamwomba nikichukue kile kipande. Alicheka, akanipa, akanawa mikono kwa mazutu kisha kwa sabuni, akarudi kwenye sahani yake ya bukari iliyokwisha kupoa.