Panzi wa Kasongo na ile 0.4

Mliokuwa uani Kasongo Jumamosi mliona wenyewe: hesabu ya mwalimu ya nguvu anayojirushia panzi iliharibikia kwenye kugawa kumoja tu. Kumpima kwenye mizani ya wafanyabiashara wa dhahabu, gramu 2 kamili, ilikuwa kazi safi. Kasi ya kuruka, mita 3 kwa sekunde, sawa. Wingi wa mwendo 0.006, sawa.

Kisha mwalimu akarudisha video ya simu, akahesabu muda ambao panzi alikuwa angani, sekunde 0.4, akagawa kwa huo. Ubaoni ikatoka newtoni 0.015. Nikashika kichwa. Uzito wa panzi yule peke yake ni newtoni 0.02! Kwa hesabu hiyo hawezi hata kujiinua kwenye nyasi, na huku watoto walikuwa wanamkimbiza hadi chini ya mwembe.

Msukumo, yaani ile 0.006, ni nguvu mara muda ambao miguu bado inakanyaga. Ikishaachia, hakuna wa kumsukuma tena. Kukanyaga huko huchukua kama sekunde 0.025. Gawa upya: newtoni 0.24, mara 12 ya uzito wake. Nimelisema hili mpaka nimechokwa. Msukumo tunauita nguvu, nishati nguvu, kila kitu nguvu, halafu tunashangaa watu wakigawa ovyo.

Mzee aliyenifundisha Kabambare hakuwa na simu. Alitandaza jivu juu ya kibao, akamweka panzi, akangoja tunyamaze. Panzi akaenda mbele, jivu likarushwa nyuma, vikabaki vishimo viwili. Akavigusa kwa kidole: msukumo wote uko hapa. Basi.

Mtafiti Bennet-Clark naye, mwaka 1975, hakuhangaika na muda wa angani. Kwa nzige alikwenda moja kwa moja gotini: msuli huvuta taratibu, ganda gumu hupinda kama upinde, kisha huachia ghafla. Yeye na Lucey walikwishampima kiroboto mwaka 1967. Miguu yake humaliza kazi kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huyo mgawe kwa muda wa angani, uone aibu itakayotoka.



Mwalimu, ubao ule haujafutwa. Jumatatu asubuhi, kabla wanafunzi wa darasa la sita hawajanakili, ondoa 0.4, weka 0.025.