Askari, Ombasha na Ghaibu: Riwaya ya Vita Mbele ya Mfasiri

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wafasiri na walimu wetu wamekuwa wakiulizana swali moja: vitabu hivi vilivyoandikwa kwa Kiingereza juu ya watu waliokuwa wakisema Kiswahili, virudishwe vipi nyumbani? Jibu la kwanza tulilipata mwaka 2022, pale Ida Hadjivayanis alipotutolea *Peponi*, tafsiri ya *Paradise* (1994). Riwaya hiyo hukoma pale vita vinapoanza, kijana Yusuf akikimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. *Afterlives* (2020) yaingia ndani ya vita vyenyewe, ikaeleza habari za walioshika bunduki, waliobaki majumbani, na mapenzi yaliyoota baada ya moto kuzimika. Ndiyo tunayokusudia kuitazama hapa. Wa kuisifu wapo wengi. Sisi twataka kuifanya mizani ya kupimia istilahi zetu za vita.

Twasema mapema tunaloliona. Orodha zetu za istilahi za kijeshi zimelivalisha jeshi vizuri, tangu kofia mpaka viatu. Lakini zimewavika sare moja askari wa majeshi mawili yasiyofanana, na nyumba walizotoka askari hao zimeachwa bila ya maneno. Mfasiri atakayeifuata orodha neno kwa neno atatupa kitabu sanifu ambacho watu wake hatuwajui.

Kwa msomaji ambaye hajakisoma kitabu, kisa kwa ufupi ni hiki. Katika mji wa pwani ya bara usiotajwa jina, karani Khalifa anafanya urafiki na Ilyas, kijana aliyechukuliwa na askari utotoni akasomeshwa katika misheni ya Wajerumani. Ilyas anamtafuta dadake Afiya, anamtoa katika nyumba alimokuwa akitumikishwa, kisha vita vinapokaribia anajiunga na jeshi la Wajerumani na harudi tena. Kijana mwingine, Hamza, naye amejiunga na jeshi hilo hilo kwa sababu zake. Anarudi na jeraha, anapata kazi na chumba mjini, na hatimaye anamuoa Afiya. Ilyas anabaki kuwa pengo katika nyumba hiyo kwa muda wote uliosalia wa kitabu.

Tuanze na neno linaloonekana jepesi kuliko yote: askari. Katika Kiingereza cha Gurnah neno hili ni geni, na ugeni wake una kazi. Humaanisha Mwafrika aliyepigana chini ya maofisa wa Kizungu, basi. Mzungu hawi askari katika kitabu hicho hata kwa bahati mbaya. Likirudi katika Kiswahili, neno hupanuka mara moja. Kwetu askari ni mwanajeshi, ni polisi, ni mlinzi wa mlangoni, na Mjerumani mwenye bunduki naye ni askari kama wengine. Sentensi iliyokuwa imegawa watu kwa rangi na mshahara yageuka sentensi isiyogawa kitu. Wako watakaopendekeza kuandika mwanajeshi pale pote, kwa kuwa ndilo neno la ofisini. Hatuafiki. Vita vile vimekwisha kupewa neno lake katika Kiswahili cha hadharani. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haiitwi kwa jina jingine. Mfasiri alibakishe askari kwa Waafrika, na Wajerumani awataje kwa vyeo vyao au kwa utaifa wao, hata kama itambidi aongeze neno mahali ambapo Kiingereza hakikuongeza.

Kwa vyeo, hapa ndipo twaona hatari kubwa ya usanifishaji wa haraka. Mtumishi wa serikali wa leo akiulizwa vyeo vya chini vya jeshi atajibu bila ya kufikiri: koplo, sajenti. Maneno haya yamekuja kwa njia ya Waingereza na majeshi yao ya Afrika Mashariki, yakarithiwa na Jeshi la Wananchi lililoundwa mwaka 1964. Askari wa Wajerumani hawakuyajua. Wissmann alipounda kikosi chake mwaka 1889 aliwaandika Wasudani waliokuwa wamepata mafunzo katika jeshi la Misri, nao wakaja pwani na vyeo vya Kituruki: ombasha, ambaye kwa asili ni mkuu wa watu kumi, shaush aliye juu yake, na efendi. Gurnah ameyatumia maneno haya bila ya kuyaeleza, na ombasha anayewafunza Hamza na wenzake si mtu wa kusahaulika upesi.

Sasa mfasiri akiandika koplo mahali pa ombasha, amefanya kosa gani? Cheo ni kile kile, kazi ni ile ile. Lakini amemuondolea msomaji habari nzima: kwamba jeshi hili liliokotwa Kairo, Msumbiji na Unyamwezini, likaamrishwa kwa Kijerumani, likatukanana kwa Kiswahili na likavaa vyeo vya Istanbul. Koplo humfanya Hamza aonekane kama kuruta wa kambi ya juzi. Na jambo hili si la wapenda ukale peke yao, kwani neno moja katika hayo lingali hai vinywani mwetu. Kila anayemwita polisi afande anatamka efendi ya wale Wasudani, akijua asijue. Mwalimu atakayelieleza hilo darasani hatahitaji picha ya kuwaonyesha wanafunzi wake.

Pendekezo letu basi ni kwamba istilahi za kijeshi zichapishwe kwa tabaka za wakati, kila cheo na jeshi lake na miaka yake. Orodha ya safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, yamfaa mwandishi wa barua za wizara. Mfasiri wa riwaya haimfai.

Jina la jeshi lenyewe lina mtego wake. Schutztruppe kwa maana yake ni kikosi cha ulinzi. Mfasiri mwaminifu atavutwa aandike Jeshi la Ulinzi, na hapo atakuwa amewapa wakoloni jina ambalo raia wa leo analiheshimu kama la jeshi lake mwenyewe. Heri jeshi la Wadachi, au Schutztruppe kama lilivyo pale jina linapokuwa na uzito. Twasema Wadachi kwa kujua kwamba kijana wa leo huenda akadhani wanatajwa Waholanzi. Lakini ndivyo pwani ilivyowaita, na Hemedi bin Abdallah katika utenzi wake wa vita vya 1888 na kuendelea hakuwaita vingine. Wahusika waseme Mdachi, na msimulizi aseme Mjerumani. Msomaji atazoea kurasa kumi hazijesha.

Yafanana na hayo kitenzi kujitolea. Ilyas aliingia jeshini kwa hiari, hakushikwa. Lakini kujitolea kwetu kumepita katika shamba la ujamaa, ujenzi wa madarasa na usafi wa mitaa. Limekuwa neno la sifa. Mtu ajitoleaye kwa Wadachi huonekana ametenda wema. Alijiandikisha, au aliingia kwa hiari yake, yatosha, na hayamsaidii msomaji kumhukumu kabla ya wakati.

Juu ya wachukuzi wa mizigo hatutakaa sana, ijapokuwa walikufa kwa maelfu kwa maelfu kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Neno lao ni wapagazi. Mfasiri wa Unguja ajihadhari na hamali, ambaye ni mtu wa bandarini na wa gari la mkono, jioni hurudi kwake. Na anayetaka kujua jinsi sikio la mtu wa chini lilivyoisikia vita, akumbuke tu kwamba jina la Kariakoo la Dar es Salaam latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Tuingie nyumbani. Katikati ya kitabu, Hamza amempenda Afiya na hana njia ya kusema. Akiwa mtumishi wa ofisa wa Kijerumani alifundishwa lugha hiyo, na katika kitabu cha mashairi alichopewa limo shairi la Schiller juu ya wapendanao wanaozungukwa na masikio ya watu. Anafasiri mistari ya mwanzo na kumpelekea Afiya. Gurnah ameiweka mistari hiyo kwa Kiswahili ndani ya kitabu cha Kiingereza. Msomaji wa London anaiona kama barua iliyofungwa, hana budi aamini tu kwamba ni nzuri. Msomaji wa Malindi au Shangani katika tafsiri ya Kiswahili ataiona kama sentensi yoyote nyingine, na siri itakuwa imekufa.

Dawa tunayoiona ni ndogo, lakini yahitaji mhariri mwenye subira. Mistari ile iachwe kama mwandishi alivyoiandika, kwa tahajia yake na kwa mshono wake wa mtu afasiriye shairi gumu kwa mara ya kwanza. Isisanifishwe. Kiswahili cha msimulizi kiwe kimenyooka, na cha barua kibaki na makovu yake, ili jicho la msomaji likwae hapo na ajue kuwa ameshika karatasi ya mtu. Twatambua kwamba kauli hii yatoka katika ofisi ambayo kazi yake ni kusanifisha. Vile vile, mfasiri asiyajaze mapenzi ya wawili hawa neno mahaba. Mahaba hudai sauti na manukato. Hawa ni watu waliokwisha kupigwa, wanaotazamana kwa hofu. Wanapendana, na kitenzi hicho kikavu kinawatosha. Anayetaka kujifunza jinsi Kiunguja kinavyosema mambo ya ndani ya nyumba bila ya kuyapigia ngoma, asome *Nyota ya Rehema* (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed kabla ya kufungua kamusi yoyote.

Tumefika kwa Ilyas, na hapa ndipo upungufu wa orodha zetu unapouma. Majeshi ya Ulaya yana neno la kiofisi kwa mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa. Katika Kiswahili cha maofisi tumelifasiri kwa aliyepotea, na wengine hutumia aliyetoweka. Lakini kupotea kwetu ni kwa mtoto sokoni, kwa ufunguo, au kwa kijana aliyeharibikiwa na tabia. Mpotevu ni mtu wa kulaumiwa. Na kutoweka kunabeba dhana ya ghafla, kama mvuke au kama mwizi. Ilyas hakufanya hata moja katika hayo. Yuko mahali, au hayuko.

Neno lipo, na lipo miaka mingi: ghaibu. Aliye ghaibu hayupo machoni, wala hakuna aliyethubutu kusema kwamba amekufa. Tena si neno la kutazamwa tu, lina matendo yake. Familia ikipata yakini ya kifo cha mbali husaliwa sala ya ghaibu. Isipopata yakini, haisaliwi, hitima haisomwi, na matanga hayakaliwi. Mke wa aliye ghaibu hajui kama ni mke au ni mjane. Eda yake haina siku ya kuanzia mpaka aende kwa kadhi. Dada, kama Afiya, hana hata kadhi wa kumwendea. Atangoja tu. Mfasiri akiandika kakaake amepotea vitani, amesema habari. Akiandika kakaake yu ghaibu, ameiweka nyumba nzima katika hukumu yake, na msomaji wa Unguja hatahitaji kuelezwa kwa nini jina la mtu huyo halimalizwi kusemwa mezani.

Gurnah analijua hilo, kwa maana ghaibu hiyo inapita kwa mtoto. Afiya na Hamza wanampa mwana wao jina la Ilyas, na mtoto akiisha kukua kidogo anaanza kusikia sauti, mpaka nyumba inatafuta mtu wa kupunga pepo. Hapa tena mfasiri asikimbilie maradhi ya akili. Wenye mtoto hawakulitumia neno hilo, na hospitali haimo katika sura hiyo.

Mwisho wa kitabu mtoto huyo, sasa mtu mzima, anakwenda Ujerumani kusoma na anaifuata njia ya mjomba wake mpaka inapokatika: Sachsenhausen. Kisa hiki kina mfano wake katika historia. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, alikuwa askari angali mtoto, akaenda Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wa vita, wake na wa babake, na akafia katika kambi hiyo tarehe 24 Novemba 1944. Kambi za namna hiyo redio na magazeti yamezizoesha jina la kambi za mateso. Wapo wanaodai kambi za makusanyo, kwa kuwa ndiyo maana ya neno la Kijerumani. Twalikataa. Neno la Kijerumani halisemi kitu juu ya yaliyotendeka humo, na tafsiri inayolifuata huwa karani wa waliolitumia. Kambi ya mateso ibaki. Na pale barua kutoka Ujerumani inapoeleza jinsi Ilyas alivyokufa, mfasiri angalie asitumie tena lile neno la mwanzo. Kuanzia ukurasa huo Ilyas si ghaibu; amefariki, na sala yake sasa yaweza kusaliwa.