Kilichotolewa Kabla ya Kupika: Muthokoi na Kaluvu za Nunguni

Mgeni akifika Lamu au Mombasa na kuuliza ale wapi na anywe nini, hujibiwa kwa majina: mkahawa fulani ulio karibu na forodha, samaki wa kupaka, na kama ni mnywaji, mvinyo mweupe uliopoa vizuri. Nunguni hakujibiki hivyo. Huu ni mji mdogo wa milima ya Kilungu, kaunti ya Makueni, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, wenye baridi ya kukunjisha mikono mwezi wa saba. Hoteli zake zinapika karibu vyakula vilevile: chai, chapati, ndengu, muthokoi, nyama. Kumwambia mtu aende hoteli hii aache ile hakumfikishi mbali, kwa sababu sahani yenyewe inabadilika na gunia la mahindi lililofunguliwa wiki hiyo. Anayetaka kula na kunywa vizuri hapa inabidi arudi nyuma ya jiko, aangalie kinu na mtungi, kwa kuwa kazi ngumu ya meza ya Kilungu hufanywa kabla moto haujawashwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya kutoa kitu.

Tuanze na muthokoi. Ni mahindi yaliyokobolewa: ganda la nje limevuliwa, na mara nyingi kiini kimetoka nalo, ikabaki punje nyeupe ya wanga. Kwa njia ya zamani mahindi makavu hunyunyiziwa maji, yakaachwa kidogo, kisha yakatwangwa kwenye kinu cha mti. Ujuzi wote uko katika maji hayo. Yakiwa ya kiasi, ganda hulowa na kulegea ilhali ndani bado pakavu na pagumu. Mchi unaposhuka punje husuguana zenyewe kwa zenyewe, ganda likavuka bila punje kuvunjika. Yakizidi, unyevu unaingia hadi ndani na unachotwanga ni chenga. Yakipungua, punje zinaruka na kupasuka huku ganda limeng'ang'ania palepale. Hakuna kipimo cha kikombe kinachofaa kila mara, maana mahindi ya msimu huu hayana ukavu wa yale yaliyokaa ghalani mwaka mzima. Mtwangaji hodari anapima kwa kiganja. Baada ya hapo ni ungo wa kupepetea pumba, na jua la kukaushia.

Siku hizi wengi hupeleka mahindi kwenye kinu cha posho chenye mashine ya kukoboa, au hununua muthokoi uliokwisha kobolewa sokoni kwa gorogoro. Mashine ina haraka, na sina ugomvi nayo. Ila inakoboa kwa kadiri ilivyofungwa, na mwenye mashine anayetaka foleni iishe huilegeza, punje zikatoka zimechubuka upande mmoja tu. Chota punje chache mkononi uzitazame kwenye mwanga. Punje iliyokobolewa sawasawa haina ukingo wa manjano unaong'aa, na pale ilipokuwa imeshikana na gunzi, penye kile kidoa cheusi, pamebaki kishimo kitupu. Ukiona vidoa vyeusi vingi, kazi imefanywa nusu.

Kwa nini watu wajisumbue, wakati isyo, yaani githeri ya mahindi yenye ganda, inapikwa bila usumbufu wote huo? Jibu la kwanza ni kuni. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Mombasa yanachemka kwa nyuzi 100. Huku milimani ni kama 95, na hata ukichochea moto namna gani sufuria iliyo wazi haitavuka hapo. Ganda la hindi ndilo linalozuia maji kuingia, na katika maji yasiyofika nyuzi 100 linachukua saa nyingi kulainika. Ukilitoa, maji yanaingia moja kwa moja kwenye wanga. Mpishi anaokoa mzigo wa kuni, na mlaji anapata punje iliyovimba na kulainika badala ya ile inayotafunwa hadi taya zichoke.

Wapo wanaotia magadi ili maharagwe na mbaazi vinavyopikwa pamoja na muthokoi viive upesi. Magadi yanafanya kazi kweli: yanavunja kile kinachoshikilia kuta za mbegu. Lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi chakula kinaacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi. Mimi hupendelea sufuria isiyo na magadi kabisa, yenye mbaazi mbichi za msimu, kitunguu na mafuta kidogo. Makueni ni kaunti ya mbaazi, na mbaazi mbichi juu ya muthokoi uliokobolewa vizuri ni chakula ambacho sioni haja ya kukiongezea nyama.

Jibu la pili ni zito zaidi, na waliobuni muthokoi hawakuwa na habari nalo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sumukuvu, ile aflatoksini ya matangazo ya redio, na 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa na unyevu, ukungu ukaota, na ukungu huo ukaacha sumu inayoua ini. Mahindi yaliyochukuliwa kwenye masoko ya eneo hilo yalipopimwa, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita mikrogramu 20 kwa kilo, kiwango cha juu kilichoruhusiwa wakati ule, na chache zilipita 1,000. Kuchemsha peke yake si dawa ya kutegemewa, kwa kuwa sumu hii inavumilia joto linalozidi la sufuria yoyote ya nyumbani.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Mutungi na wenzake uliofuatilia sumu hiyo hatua kwa hatua mahindi yanapogeuzwa kuwa muthokoi. Kukoboa peke yake kulipunguza sumukuvu kwa wastani wa asilimia 46.6. Hilo linaeleweka, maana ukungu hushambulia zaidi ganda na kiini, na hivyo ndivyo vinavyotoka. Lakini tazama upana wa matokeo yenyewe: kutoka asilimia 5.5 hadi 70. Wastani mzuri unaweza kuficha sahani mbaya. Na hesabu haidanganyi: mahindi yenye mikrogramu 100 kwa kilo yakipunguziwa nusu yanabaki na 50, na kiwango cha juu cha Kenya leo ni 10. Kwa hiyo kinu kinayasaidia mahindi mazuri yawe mazuri zaidi. Mahindi yaliyooza hakiyaokoi. Swali la kumuuliza mwenye hoteli, kwa adabu na kabla ya kuagiza, ni hili: "Mama, mahindi ya muthokoi wa leo ni ya wapi, na yamekobolewa lini?" Anayejua atajibu bila kusita, na huenda akakuonyesha gunia.

Kuna jambo moja hapa ambalo wasifiaji wa muthokoi hulisahau, nami nalitaja ingawa linatutoa mezani kidogo. Pumba haitupwi. Inapewa ng'ombe na kuku. Sumu iliyotoka kwenye punje imehamia humo, na ng'ombe aliyelishwa pumba chafu hutoa maziwa yenye sehemu ya sumu hiyo ikiwa imegeuka umbo. Unaweza basi kula muthokoi safi kabisa ukashushia na chai ya maziwa iliyoturudishia kilekile tulichokitoa. Mkulima mwenye busara anachagua mahindi kabla ya kukoboa, punje kwa punje ikibidi, na zile zenye ukungu hazifiki kinuni wala zizini.

Sasa kinywaji. Ukambani mvinyo wa nyumbani ni kaluvu, jirani ya karibu sana ya muratina ya Wakikuyu. Chimbuko lake ni asali au maji ya miwa. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi na Wakamba mwaka 1911 na 1912, aliandika habari za pombe hizo alipoeleza maisha yao. Milima yenye mabonde ya maji kama Kilungu ilifaa kwa miwa. Asali nyingi zaidi hutoka nyanda kavu za chini kama Kibwezi, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini. Leo wapikaji wengi huongeza sukari ya dukani au sukari nguru, na hapo ndipo kaluvu nyingi zinapoanza kufanana.

Asali yenyewe haichachi. Ina maji chini ya asilimia 20, na sukari yake inainyonya chachu hadi ikauke. Lazima ivunjwe kwa maji. Kilo moja ya asali ina kama gramu 800 za sukari. Ukiijaza maji hadi lita 5 unapata gramu 160 kwa lita. Kila gramu 17 hivi kwa lita huzaa asilimia moja ya kileo, kwa hiyo mtungi huo, ukiachwa hadi sukari yote iishe, utafika kama asilimia 9. Mvinyo wa asali wa Ulaya huchukua wiki nyingi kufika huko. Kaluvu inanyweka baada ya siku moja hadi nne. Tofauti iko kwenye tunda.

Tunda ni la mwegea, mti ambao Wakamba huuita muatini, lile linaloning'inia kama soseji nene na linaloweza kufika nusu mita na kuzidi. Likiwa bichi ni sumu. Linaendesha tumbo vibaya. Kazi ya kwanza, kama kwenye hindi, ni kutoa. Tunda hupasuliwa kwa urefu, hukaushwa juani, kisha hulowekwa au kuchemshwa na maji yake kumwagwa mpaka uchungu uishe, ukabaki mtandao wa nyuzi mithili ya dodoki. Halafu vipande hivyo hutiwa kwenye maji matamu kidogo karibu na moto, chachu ikazaliana na kujikita ndani ya nyuzi. Pombe ikiiva, vipande hutolewa, hukaushwa na kuwekwa hadi safari nyingine.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mpikaji wa kaluvu hasubiri chachu ya hewani ijitokeze. Anatia mtungini jeshi zima lililokwisha zaliana, na jeshi hilo linaishika sukari kabla bakteria wa kuharibu hawajapata nafasi. Tunda la zamani lililotumiwa mara nyingi na mikono safi lina thamani kuliko jipya, na tunda lililokaushwa vibaya, likanuka ukungu, linaharibu mtungi mzima. Joto nalo lina neno: chachu inapenda nyuzi 25 hadi 30, na usiku wa Nunguni hauna hata moja ya hizo. Ndiyo sababu mtungi, ambao siku hizi ni mara nyingi pipa la plastiki, unakaa karibu na meko ukiwa umefunikwa blanketi.

Kaluvu nzuri ya siku ya pili bado inavuta pumzi: povu jembamba pembeni, utamu uliobaki, ukali mwepesi unaochoma taya. Ya siku ya tano imepigwa na hewa, bakteria wa siki wameingia, na anayekuambia kuwa huo ndio ukali wa wazee anakuuzia siki. Kwa muthokoi siipendekezi hata ikiwa nzuri. Utamu wake unafunika mbaazi. Mahali pake ni nyama ya mbuzi iliyochomwa, hasa ubavu wenye mafuta, kwa sababu ule uchachu unakata mafuta na kuuacha ulimi tayari kwa tonge lingine.

Mbuzi na kaluvu kwa kweli hukutana kwenye ntheo, siku mbuzi wa posa wanapopelekwa kwa wazazi wa binti. Hapo pombe hupikwa kwa ajili ya wageni wanaojulikana, na mzee mwenye boma huonja kwanza mbele ya wote, akamwaga kidogo chini. Ni udhibiti wa ubora ambao hakuna leseni inayoweza kuushinda: anayekaribisha anakunywa wa kwanza.

Kwa biashara mambo ni mengine. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji, lakini kwa leseni na kwa viwango ambavyo mapipa ya nyuma ya nyumba hayafikii. Hatari kubwa nayo haitoki kwenye mtungi. Kuchachua asali au miwa huzaa methanoli kidogo mno. Vifo na upofu tunavyovisikia hutokana na wauzaji wanaoongeza kemikali za viwandani ili kinywaji kipige haraka. Kaluvu ya kununua kwenye kikombe cha plastiki, kwa mtu usiyemjua, jioni, iache. Kama hujaalikwa ntheo, huna kaluvu, basi.

Mgeni asiye na mwaliko na anayetaka kitu cha zabibu kando ya mbuzi wake abebe chupa kutoka mjini, na aulize kwanza kama hoteli inaruhusu. Ningechukua Chenin Blanc ya Dodoma, iliyo kavu, kuliko nyekundu nzito ya kuagizwa mbali. Dodoma, kama Ukambani, ni nchi ya jua kali na mvua haba, na ukavu pamoja na uchachu wa mvinyo huo unafanya kwenye mafuta ya mbuzi karibu kazi ileile ya kaluvu, bila utamu. Usihangaike na barafu. Iache chupa nje dirishani jua likishazama. Baridi ya Kilungu itaipoza ya kutosha wakati mbavu zinageuzwa mara ya mwisho.