Ati Watoto wa Tanga Wamejifundisha Wenyewe



Kila yanapozuka mazungumzo ya kumwachia mtoto aongoze masomo yake mwenyewe, hutolewa mfano wa Tanga, na kila mara husimuliwa nusu yake. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ambayo mfadhili wake mkubwa ni Elon Musk, yalipeleka tableti kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi vya Mkoa wa Tanga, kuanzia mwishoni mwa 2017. Hawakupewa mwalimu, mtoto anawasha chombo na kuendelea mwenyewe. Mwaka 2019, baada ya miezi 15 ya majaribio, onebillion na Kitkit School waligawana dola milioni 10, na sifa zikamiminika.

Mimi nasema tuzisome takwimu zao wenyewe. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Si jambo dogo, maana wengi hawakuwahi kukanyaga skuli. Lakini hao waliobaki je? Mbona hawatajwi?

Na hilo neno "wenyewe" linanikera. Ndani ya tableti wamo watu: aliyeamua herufi ipi itangulie, aliyesoma kwa sauti, aliyechora. Walimu hao, ila hawaonekani. Tena walifundisha kwa Kiswahili, na kwangu mimi hapa ndipo penye siri yote. (Mtoto huyo huyo akibahatika kufika sekondari atakuta masomo ni kwa Kiingereza. Hayo tuyaache kwa leo.)

Sisi wa Muscat tunaipenda hoja ya uhuru wa mtoto kwa sababu inatupunguzia kazi. Wetu naye ana tableti, naye anachagua: Kiingereza na Kiarabu, kwani ndivyo vilivyomo. Bibi yake aliyehamia huku kutoka Unguja miaka ya 1970 anamwita kwa Kiswahili, yeye anaitika kwa Kiarabu. Sasa tunasema mtoto amekikataa Kiswahili. Amekikataa lini, jamani, na nani alimpa?

Programu zile za Tanga zilitolewa bure, mwenye kutaka azichukue. Nimewauliza wenzangu kadhaa hapa ni nani aliyewahi kumwekea mwanawe hata moja. Wamecheka tu, tukaendelea na kahawa.