Churchill Mbele ya Injini

Katika My African Journey (1908), Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni wa Uingereza, anasimulia safari yake ya reli kutoka Mombasa mwaka 1907, akiwa ameketi kwenye benchi la bustani lililofungwa mbele ya injini. Sehemu hiyo ni tamu, sikatai. Lakini naona benchi hilo ndilo kasoro ya kitabu: mwenye kukaa pale huwaona punda milia vizuri sana, na mabehewa yote, la tatu likiwemo, yako mgongoni pake.

Nimpe haki yake: anakiri kuwa Wahindi ndio walioijenga reli. Hasemi sana zaidi ya hapo, ingawa walikufa karibu 2,500.

Halafu jina. “Reli ya Uganda” iliishia Kisumu. Yeye mwenyewe alivuka ziwa kwa meli. Garimoshi lilifika Kampala 1931. Nasi bado tunarudia sifa yake ya lulu bila kuuliza lulu huvaliwa na nani.

Kikipangwa tena darasani, naomba tukisome pamoja na riwaya ya M. G. Vassanji, The In-Between World of Vikram Lall (2003), ambamo babu wa msimulizi ni mmoja wa wajenzi hao.