Kinyago, Medali na Lundo la Redio

Wapenzi wa filamu za Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegali, wakikutana, mazungumzo hayafiki mbali kabla mmoja hajauliza: kipande gani hakikutoki akilini? Anayeulizwa haruhusiwi kutaja filamu nzima. Anatakiwa ataje kipande, dakika mbili au tatu tu, na akisimulie kana kwamba wenzake hawajakiona. Kinachofuata ni kelele. Huyu anamkatiza yule, mmoja anasimama kuonyesha jinsi mwigizaji alivyogeuka, mwingine anaapa kwamba kamera haikusogea hata kidogo. Na mara nyingi wa kwanza kutajwa ni mtoto mwenye kinyago.

Kipande hicho ndicho kinachofunga filamu ya La Noire de... ya mwaka 1966. Diouana, msichana wa Dakar, amepelekwa Antibes, kusini mwa Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Huko amegeuzwa mpishi, dobi na mfagiaji, na Ufaransa yenyewe anaionea dirishani. Mwisho anajiua katika bafu la waajiri wake. Bwana wa nyumba anarudi Dakar na sanduku la marehemu, mshahara wake, na kinyago ambacho Diouana aliwapa waajiri kama zawadi alipoanza kazi. Mama anazikataa zile fedha. Mtoto mdogo anakichukua kinyago, anakivaa, anaanza kumfuata Mfaransa katika mitaa ya uswahilini. Hatoi sauti, hatupi jiwe. Mwanamume anageuka nyuma, anaongeza mwendo, anageuka tena, mpaka anajitumbukiza garini na kuondoka. Ndipo mtoto anakishusha kinyago polepole na kututazama.

Wakiulizwa sababu ya kukipenda, wengi hutaja uso wa mtoto. Uso ni mzuri, lakini kazi ilikwisha kufanyika kabla haujafunuliwa. Kinyago tumekiona kikichezewa uani kwao Diouana. Tumekiona nyumbani kwa Wafaransa Dakar, kikiwa miongoni mwa mapambo mengine ya Kiafrika. Tumekiona Antibes kikiwa peke yake kwenye ukuta mweupe, kisha kikivutwa huku na huku kati ya Diouana na bibi wa nyumba, siku msichana anapotaka chake. Hakuna mhusika anayesimama kutueleza maana yake. Kila kinapohama mkono kinazidi kuwa kizito, hata kinapofika usoni kwa mtoto hakihitaji maneno, na mtu mzima anakikimbia mchana kweupe.

Huo ndio ufundi wa Sembène uliomtofautisha na waongozaji wengi wa rika lake: alikichagua kitu cha kawaida, kinachoshikika, akakiacha kipite mkono hadi mkono mpaka kikabeba hadithi nzima. Orodhesha vipande wanavyovitaja mashabiki wake, utakuta karibu kila kimoja kina kitu ndani yake: karatasi, medali, mkoba, kamba, redio.

Wapo wasiokubali kwamba kinyago ni cha kwanza. Hao hutetea ufunguzi wa Mandabi, filamu ya 1968, na hoja yao ina nguvu. Kinyozi wa barabarani anamnyoa Ibrahima Dieng. Wembe unapita kichwani, kisha unaingia puani kutoa vinyweleo, na kamera imekaribia kiasi kwamba mtazamaji anajikuta amebana pumzi. Hadithi bado haijaanza. Hata hivyo tayari tunamjua mtu huyu: hana kazi, ana majivuno, na amezoea kutunzwa. Makhourédia Guèye, aliyemwigiza, anakaa chini ya wembe kama sultani.

Halafu inakuja hawala. Ni faranga 25,000 kutoka kwa Abdou, mpwa wake anayefagia barabara za Paris: nyingi za kumwekea akiba, kiasi cha mama yake, na kidogo cha mjomba. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ambayo Dieng haijui. Wakati huohuo mtaa mzima umesikia habari na kila mtu ana shida ya kukopeshwa. Ile karatasi hatuioni ikigeuka fedha mikononi mwa mwenyewe, maana ndugu msomi aliyejitolea kumsaidia anazila zote. Haishangazi kwamba kisa hiki kilivuka bara na kuingia katika Kiswahili: Amandina Lihamba alikigeuza tamthilia, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980. Aliyewahi kuambiwa arudi kesho kwenye dirisha la ofisi yoyote, iwe Dar es Salaam au Mombasa, hahitaji kuelezwa Dieng ni nani.

Mandabi ndiyo filamu iliyowafanya Wasenegali wajisikie wakiongea. Kabla yake Sembène alilazimika kutumia Kifaransa. Hii aliitengeneza kwa Kiwolofu, pamoja na toleo jingine la Kifaransa. Ukitaka kujua tofauti, rudi kwa Diouana. Mbissine Thérèse Diop, mwigizaji wake, anafunga mdomo muda mwingi, na mawazo tunayoyasikia yanatoka kwa mwanamke mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti, kwa Kifaransa fasaha ambacho mhusika mwenyewe asingeweza kukisema. Sembène aliuchukua upungufu huo akaufanya sehemu ya upweke wa msichana. Lakini katika Mandabi wake wawili wa Dieng wanapoteta, muuza duka anapodai deni lake na jirani anapoapa kwa Mungu, lugha inakwenda kwa mwendo wake yenyewe, na vichekesho vinatua mahali pake.

Njia iliyomfikisha hapo haikuwa ya chuo. Alizaliwa Ziguinchor, Casamance, mwaka 1923. Alifukuzwa shule, akafanya kazi za mikono, akatumikia jeshi la wakoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa kuli katika bandari ya Marseille. Huko, katikati ya makuli wenzake na chama chao cha wafanyakazi, alisoma kwa bidii na kuanza kuandika. Riwaya zikampatia jina. Aliporudi Afrika mwanzoni mwa miaka ya sitini aliona ukweli mchungu: watu aliowaandika hawakuweza kumsoma. Akiwa na umri wa karibu miaka arobaini alikwenda Moscow kujifunza filamu chini ya Mark Donskoy. Sinema alipenda kuiita shule ya usiku.

Somo la kwanza la shule hiyo lilikuwa Borom Sarret ya 1963, filamu ya dakika ishirini hivi. Mwenye mkokoteni wa farasi anazunguka Dakar akitafuta riziki. Anabeba mjamzito, anabeba baba mwenye maiti ya mtoto wake, anampa manju anayesifu mababu zake fedha zote alizochuma. Kisha abiria aliyevaa suti anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imekatazwa. Polisi anamsimamisha. Anapotoa makaratasi yake, medali ya vita inaanguka chini, na buti la polisi linaikanyaga. Kipande hakizidi sekunde chache. Aliyekipiga alikuwa askari wa vita hivyohivyo. Dereva anarudi nyumbani na farasi bila mkokoteni. Mkewe anamkabidhi mtoto, anatoka, na kumwambia kwamba usiku huo watakula. Anakwenda wapi? Hapo ndipo mabishano ya mashabiki huwa makali kuliko mahali pengine popote, na Sembène hakuwasaidia.

Masikio nayo alikuwa nayo. Emitaï ya 1971 inahusu Wadiola wa Casamance wanaodaiwa mchele na jeshi la Ufaransa wakati wa vita. Wanawake wameuficha, nao wanakalishwa juani chini ya ulinzi wa bunduki mpaka waseme ulipo. Filamu inapokwisha, picha inatoweka, pazia linakuwa jeusi tii, na risasi zinasikika. Mwongozaji mwingine angetuonyesha miili. Yeye aliona kwamba mtu anayesikia risasi gizani hawezi kufumba macho.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, katika Moolaadé ya 2004, alifanya jambo lililo kinyume kabisa kwa sauti. Collé, mwanamke wa kijijini, amewapa hifadhi wasichana wanne waliomkimbia ngariba. Kinga yenyewe ni kamba ya rangi aliyoifunga mlangoni, chini chini, ambayo mtoto angeweza kuiruka. Hakuna mwanamume kijijini anayethubutu. Wazee wanaamua kwamba kiburi cha wanawake kinatoka redioni. Redio zote zinakusanywa, zinalundikwa mbele ya msikiti wa udongo, karibu na kichuguu, na kutiwa moto. Baadhi bado zinaongea. Nyimbo na taarifa zinatoka ndani ya lundo huku moshi ukipanda, na kipande hicho kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kikubwa kuliko vyote alivyowahi kupiga. Kinachekesha na kutisha kwa wakati mmoja, na hakuna kitu ndani yake ambacho hakipatikani kijijini. Sembène alikuwa amevuka miaka themanini.

Wenye kumkosoa husema wahusika wake huhutubia mno. Ni kweli kwa baadhi ya mazungumzo ya filamu za Faat Kiné na Guelwaar, ambako unasikia mwandishi akimsukuma mwigizaji kwa nyuma. Lakini lawama hiyo haifiki kwenye Camp de Thiaroye, aliyoiongoza na Thierno Faty Sow mwaka 1988. Askari wa Kiafrika waliorudi vitani wamewekwa kambini nje ya Dakar wakisubiri malipo yao. Mmoja wao, Pays, aliyeigizwa na Sidiki Bakaba, amepoteza sauti baada ya kufungwa katika kambi ya Buchenwald. Anaugusa waya wa seng'enge wa kambi mpya na mwili wake unakumbuka. Mwenzake anamshikisha udongo mkononi ajue kwamba amefika Afrika. Baadaye, usiku, Pays ndiye anayeviona vifaru vikija, na kwa kuwa ni bubu anayeonwa mwendawazimu, wenzake wanamrudisha kulala. Kinachofuata ni mauaji ya askari hao, na mauaji hayo ya Thiaroye yalitokea kweli, tarehe 1 Desemba 1944. Katika filamu hiyo waya na udongo vinasema kile ambacho mhusika hawezi kukitamka.

Kuna kisa kimoja ambacho mashabiki hukipenda karibu sawa na vipande vyenyewe. Xala, filamu ya 1975, inaanza na wafanyabiashara wa Kiafrika wakiwatoa Wafaransa kwenye Chemba ya Biashara, ngoma zikilia nje. Muda si muda Wafaransa walewale wanarudi na mikoba. Mikoba inafunguliwa, mabunda ya noti yanaonekana, na maneno matamu ya kujitawala yanaendelea kusikika juu ya picha hizo. Filamu inakwisha na mfanyabiashara El Hadji akiwa kifua wazi sebuleni, ombaomba aliowadhulumu wakimtemea mate kama dawa ya kumrudishia nguvu za kiume zilizompotea. Wakaguzi wa filamu wa Senegali hawakupendezwa. Walikata sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu ionyeshwe.

Sembène alijibu kwa kuchapisha vikaratasi vilivyoeleza vipande vilivyokatwa, vikagawiwa kwa watazamaji. Alikuwa ameiendea sinema kwa sababu wengi wa watu wake hawakusoma vitabu. Safari hii alirudi kwenye karatasi, akasimulia vipande vyake mwenyewe, ili filamu yake ijulikane yote.